Mshale unatembea, namba za kilomita zimekufa: tatizo liko wapi?

*"Fundi, habari za kazi. Nina Toyota Corolla DX ya mwaka 1983, gia za mkono, kabureta. Mshale wa spidi unapanda na kushuka kama kawaida, ila asubuhi unatetemeka kati ya 20 na 40 na kuna mkwaruzo nyuma ya dashibodi. Kinachonisumbua zaidi ni namba za kilomita. Zimesimama tangu mwezi wa tatu kwenye 79,999, ile ya mwisho imekwama katikati ya 9 na 0. Fundi wa kwanza kasema kebo imechoka. Wa pili kasema ninunue dashibodi nzima ya mtumba. Jirani yangu anasema nipulizie dawa ya kulainisha kutu kwa nyuma, zitaachia. Mimi humwaga oili kwa kufuata kilomita, sasa nakwenda kwa kukisia. Nianze na lipi?"*

Ndugu msomaji, kebo usinunue bado, dashibodi usinunue, na hiyo dawa ya kupulizia ibaki kwenye kopo lake. Una kasoro mbili, na mafundi wako wamezichanganya kuwa moja. Namba zilizosimama ni ugonjwa wa ndani ya mita. Mshale unaotetemeka pamoja na mkwaruzo wa asubuhi ni ugonjwa wa kebo, na kwa dalili ulizotaja kebo hiyo ni kavu tu, haijafa. Ukitibu mmoja, mwingine utabaki palepale, ndiyo maana watu hubadilisha kebo, wakarudi barabarani na kukuta namba hazijasogea hata moja.

Hoja ya fundi wa kwanza tunaweza kuipima bila kushika spana. Gari lako lina kebo moja tu ya spidi. Inaanzia kwenye giaboksi, inapita kwenye ukuta wa injini na kuingia nyuma ya mita, na ndiyo inayozungusha kila kitu mle ndani, mshale na namba kwa pamoja. Kebo ikikatika, nati yake ikilegea, au gia yake ya plastiki kule kwenye giaboksi ikilika meno, vyote viwili hufa siku moja. Kwako mshale unapanda na kushuka. Maana yake mzunguko unafika kwenye mita, na unapotelea baada ya kufika.

Mle ndani njia hugawanyika. Shafti ndogo inayopokea kebo ina sumaku kwenye ncha yake. Sumaku hiyo inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa. Ikizunguka huzalisha mikondo ya umeme ndani ya aluminiamu, na mikondo hiyo hukivuta kikombe kifuate. Springi nyembamba kama unywele inakizuia, na mahali nguvu hizo mbili zinapolingana ndipo mshale unaposimama. Upande huu hauna jino wala gia, ndiyo sababu huishi miaka mingi.

Upande wa namba ni gia tupu. Kwenye shafti ileile kuna nyuzi za parafujo zinazosukuma gia ya kwanza, hiyo inasukuma ya pili, mpaka mzunguko unafika kwenye vigurudumu vya namba ukiwa umepunguzwa sana. Mita nyingi za Kijapani za kizazi cha gari lako zimetengenezwa ili kebo izunguke mara 637 kwa kila kilomita. Kigurudumu cha kilomita mojamoja hukamilisha duara lake kila kilomita 10, yaani baada ya kebo kuzunguka mara 6,370. Upunguzaji mkubwa namna hiyo una tabia moja inayoeleza yote yaliyokupata: mwendo unapopungua, nguvu inaongezeka. Vigurudumu vikikwama, kebo haitahisi kitu, itaendelea kusukuma. Kitakachoshindwa ni kiungo dhaifu kuliko vyote, na hicho karibu kila mara ni gia ndogo ya plastiki iliyobanwa kwenye shafti. Hupasuka kwenye kitovu, au hulegea na kuanza kuteleza juu ya shafti.

Sasa tazama namba yako ilikosimama. Kati ya kigurudumu kimoja na kingine kuna kigia kidogo. Kigurudumu cha kulia kina meno mawili tu upande mmoja. Kikipita kutoka 9 kwenda 0, meno hayo hukigusa kigia, nacho hukisogeza cha kushoto hatua moja. Siku za kawaida kinachotembea ni kigurudumu kimoja, mara mojamoja viwili. Lakini kutoka 79,999 kwenda 80,000 vinatakiwa vigeuke vyote vitano kwa pamoja, na vile vya kushoto vilikuwa havijaguswa kwa muda mrefu. Kile cha makumi elfu kilisogea mara ya mwisho mita iliposoma 70,000. Kwa miaka yote hiyo kimekusanya vumbi, na mafuta ya kiwandani yamegeuka gundi. Mzigo mkubwa kuliko wote ukaangukia gia yenye umri wa miaka zaidi ya 40. Ndiyo maana mita nyingi za zamani hufia kwenye 9 nyingi zilizojipanga namna hiyo.

Kwa hiyo una mambo mawili ya kurekebisha mle ndani, na hapa ndipo kazi nyingi za haraka zinapoharibika: gia iliyoshindwa, na vigurudumu vizito vilivyoishinda. Ukigandisha gia ukaviacha vigurudumu, itapasuka tena kwenye jaribio la kwanza la kuvuka kwenda 80,000.

Dawa ya jirani inaweza kugeuza kasoro ndogo kuwa kubwa. Ukipuliza kwa nyuma, mafuta yanaingia kati ya sumaku na kikombe, mshale unaanza kusoma juu au kuganda. Yanaishika ile springi nyembamba. Mengine hula rangi ya namba, na baada ya miezi michache vumbi limejishikiza kila mahali. Utakuwa umepoteza na ule upande uliokuwa mzima.

Kabla ya kufungua chochote, tazama kitu kimoja. Hukutaja kama mita yako ina zile namba ndogo za safari zinazorudishwa sifuri kwa kitufe. Kama zipo na zinatembea, gia za mwanzo ni nzima na kasoro iko mwishoni, kwenye gia inayoingia moja kwa moja kwenye vigurudumu vikubwa. Kama nazo zimekufa, anza kutafuta karibu na shafti ya kebo. Na kama una mazoea ya kubonyeza kitufe hicho gari likiwa linatembea, acha leo. Gia zinakuwa zimeshikana chini ya mzigo, na kuzirudisha kwa nguvu ni njia ya haraka ya kung'oa meno.

Kuitoa mita si kazi ya kutisha. Chomoa waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Fungua parafujo za fremu inayozunguka mita, ivute mita kidogo kuelekea usukani, pitisha mkono nyuma na uachie kebo: mita nyingine zina klipu ya plastiki ya kubonyeza, nyingine nati ya kufungua kwa vidole. Usiivute kwa hasira. Ikigoma, nenda chini ya gari, fungua nati ya kebo kwenye giaboksi ili upate ulegevu, ndipo uvute tena. Piga picha ya soketi za waya kabla ya kuzichomoa.

Ikiwa mezani, ijaribu kwanza. Kata sentimita 15 za waya wa ndani wa kebo nyingine iliyokufa, si hii ya gari lako, upande wenye ncha ya mraba, ufunge kwenye drili ya betri na uingize ncha hiyo nyuma ya mita. Zungusha polepole. Mshale ukivutwa kwenda chini ya sifuri, umekosea upande, geuza drili. Kwa mita ya 637, mizunguko 637 kwa dakika ni kilomita 60 kwa saa. Drili ikienda mizunguko 400 mshale usimame karibu na 38, na namba ziongeze kilomita moja kila dakika 1 na sekunde 36 hivi. Hapo utakuwa umeona kasoro bila gari kusogea.

Kuzifikia gia, kwenye mita nyingi ni lazima uso wenye tarakimu utoke, na uso hautoki mpaka mshale utoke. Hapa ndipo naomba uwe mvumilivu kuliko mahali pengine pote. Mshale haulali kwenye sifuri yake ya kweli, unalala juu ya kizuizi kidogo. Unyanyue polepole upite juu ya kizuizi, uuachie, nao utashuka kidogo na kutulia. Weka alama hapo kwa kipande cha utepe wa karatasi. Hiyo ndiyo nukta ya springi, na mshale utarudishwa hapo hapo. Ukikosa kwa upana wa kucha, spidi itakudanganya maisha yote. Kisha weka karatasi ngumu juu ya uso, pitisha vijiko viwili vidogo chini ya kitovu cha mshale, kimoja kila upande, na uunyanyue wima. Usiuzungushe. Ukiuzungusha unaipinda springi, na springi ikipinda mita hiyo ni ya kupeleka kwa fundi wa vipimo.

Gia zikionekana, weka nukta ya kalamu kwenye kila moja na kwenye shafti iliyoishika. Zungusha kwa mkono ukitumia kile kipande cha kebo, ukitazama nukta zinavyofuatana. Mahali nukta ya shafti inapotembea na ya gia ikabaki, au gia inapotembea na shafti ikabaki, umefika. Fahamu kwamba gia ya mwisho husogea taratibu mno. Utazungusha mara nyingi kabla ya kuona kitu, usikate tamaa ukadhani imekufa.

Kama gia ni nzima na inateleza tu, isafishe pamoja na shafti kwa spiriti safi. Petroli na thina usizitumie, zinayeyusha plastiki na kufuta namba. Ikwaruze shafti kidogo kwa ncha ya tupa pale gia inapokaa, paka gundi ya epoksi ya kuchanganya kiasi cha ncha ya kijiti cha meno, irudishe gia mahali pake hasa na uiache saa 24. Supa gluu iepuke. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye kioo cha plastiki na kwenye uso wa mita, na ukungu huo hautoki.

Kama gia imepasuka kitovuni, gundi ni ya muda tu. Ufa hufungua nafasi kati ya meno, na kila ikifika mahali hapo itaruka au itakwama. Tafuta nyingine kutoka kwenye mita iliyokufa ya aina hiyohiyo, uhesabu meno ya zote mbili kabla ya kulipa. Tofauti ya jino moja itafanya kilomita zako zote ziwe za uongo.

Kisha vigurudumu. Vishike vyote kwa pamoja na ujaribu kuvisogeza kwa wepesi wa kidole. Visuguliane kidogo, visigome. Vikigoma, toa shafti yake ukiwa umepiga picha ya mpangilio, futa pembeni na ndani kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, na kwenye shafti tumia pamba yenye spiriti kidogo. Sehemu zenye rangi ya namba zifutwe kwa kitambaa kikavu peke yake. Ukirudisha, hakikisha vigia vidogo vya kati vimekaa kwenye mstari mmoja, vinginevyo namba zitasimama kama meno ya mzee, moja juu nyingine chini. Usitie mafuta kati ya vigurudumu. Tone dogo la mafuta mepesi ya cherehani kwenye kila ncha ya shafti linatosha, na hata hilo lifute libaki unyevu tu.

Turudi kwenye kutetemeka. Waya wa ndani ukiwa mkavu hujishika kwenye gamba lake, unajikunja kidogo, kisha unaachia kwa mruko. Mshale huuonyesha kila mruko huo. Asubuhi grisi iliyozeeka inakuwa ngumu zaidi, ndiyo sababu hutulia gari likipata joto. Vuta waya wa ndani utoke, uufute, uulaze juu ya meza iliyonyooka na uuviringishe kwa viganja. Ukirukaruka, una pindo, nao ubadilishwe. Ukiviringika sawa, upake grisi nyepesi kwa tabaka jembamba theluthi mbili za chini, upande wa giaboksi, na sentimita 15 hadi 20 za juu ziache kavu kabisa. Mzunguko hupandisha grisi yenyewe. Ukipaka mpaka juu itaishia ndani ya kikombe cha aluminiamu. Unaporudisha kebo, isipigwe kona kali nyuma ya dashibodi wala isiguse bomba la ekzosi.

Ukikuta waya umelowa mafuta mepesi yenye harufu ya giaboksi, si grisi, sili iliyo kwenye kishikio cha gia ya kebo imekwisha. Kishikio hicho hufungwa kwa bolti moja kwenye giaboksi. Badilisha sili ya ndani na pete ya mpira ya nje, kisha pima oili ya giaboksi, kwa sababu imekuwa ikipanda kwenye kebo bila kudondoka chini, na huenda imepungua bila wewe kuona doa lolote.

Sasa ushauri wa fundi wa pili. Si mbaya wote. Kama gia ya kubadilishia haipatikani, mita ya mtumba ni suluhisho halali, na unachohitaji ni kile kichwa cha spidi peke yake, si dashibodi nzima. Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, tafuta kinachoingia kwenye fremu yako, kinachosoma kilomita na si maili, na chenye kipimo kilekile cha 637; mara nyingi kimeandikwa kwa tarakimu ndogo kwenye uso wake. Ukubwa wa tairi na uwiano wa difu hushughulikiwa na gia ya kule kwenye giaboksi, kwa hiyo kichwa chenye kipimo sawa kitasoma sawa. Kijaribu kwa drili palepale dukani. Nacho kina umri uleule wa chako, hivyo usikilipie kwa kutazama uso tu.

Namba za kichwa hicho hazitakuwa za gari lako. Andika kwenye karatasi tarehe, namba ya mita ya zamani na namba ya mita mpya, uibandike ndani ya fremu ya mlango wa dereva na nakala uiweke pamoja na kadi ya gari. Marekani sheria inadai tangazo la namna hiyo mlangoni pale mita iliyorekebishwa au kubadilishwa isipoweza kurudishwa kwenye kilomita zake za kweli. Hata pasipo sheria hiyo, atakayelinunua gari lako ana haki ya kujua. Fundi akijitolea kukupunguzia namba wakati mita iko wazi, mkatalie.

Unaweza pia kuiacha mita kama ilivyo. Injini ya kabureta haisomi kitu kutoka kwenye mita, haitazima wala kula mafuta zaidi. Wenye magari ya baadaye kidogo, ya sindano za umeme, wasichukue jibu hili kama lao: kwenye Toyota nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 kuna swichi ndogo nyuma ya kichwa cha spidi inayoipa kompyuta ya injini habari za mwendo, na kebo ikifa nayo inanyamaza. Magari yaliyofuata hapo, ambayo hayana kebo kabisa, ni somo jingine.

Kwa sasa oili ihesabu kwa petroli. Kama gari lako linakwenda kilomita 12 kwa lita, kilomita 5,000 ni takriban lita 417. Andika kila lita unayotia tangu ulipomwaga mara ya mwisho. Ukifika 400, mwaga. Kwa gari la foleni za mjini, njia hii inaitendea injini haki kuliko kilomita zenyewe, maana hata ikiwa imesimama inanguruma inakula mafuta na kuchosha oili.

Mita ikishapona, ilinganishe na GPS ya simu kwenye barabara kuu kwa kilomita 20 mfululizo. Tofauti ya nusu kilomita isikusumbue. Ikizidi hapo, tazama tairi kwanza. Gari likiwa limepangiwa 165/80 R13 na wewe umevalisha 175/70 R13, duara limepungua kwa asilimia 3 na ushei, na mita itaandika kilomita 103 kwa kila 100 ulizokwenda. Lililopangiwa 155/80 R13 halitaona tofauti ya maana kwa tairi hizohizo. Tairi zikiwa sawa na kosa lipo, hesabu meno ya gia kwenye giaboksi. Huenda giaboksi ilibadilishwa kabla gari halijafika kwako.

Nenda kwa fundi wa mita, si fundi wa injini, ukikuta springi imepinda, mshale hautaki kurudi kwenye alama yako, au mshale unarukia mwisho ghafla gari likiwa mwendo mdogo. Hiyo ya mwisho ni sumaku inayogusa kikombe. Usiendelee kuendesha na kebo imeunganishwa, ichomoe kwenye giaboksi na uzibe tundu lake vumbi lisiingie. Ukifika kwake mwambie hivi: "Mshale unafanya kazi, namba zimekwama kwenye 79,999, naomba uangalie gia ya vigurudumu na wepesi wa vigurudumu vyenyewe." Akabidhi gia ya zamani mkononi mwako, na kabla hujalipa azungushe kwa drili mbele yako mpaka usome 80,001.